Mtoto Anasoma au Amekariri? Kupima Mafunzo ya Kusoma Katika Shule za Arua na Koboko

Saa moja ya jioni, vyombo vya chakula vikiwa vimekwisha kuoshwa, mtoto wa darasa la pili hukaa karibu na taa na kufungua kitabu chake cha shule. Huweka kidole chini ya mstari wa kwanza, huvuta pumzi, na maneno humtoka mbio bila kusita: mama anakwenda sokoni, mama ananunua samaki, mama anarudi nyumbani. Baba aliyeshinda lindoni mchana kutwa hutabasamu. Lakini mama, aliyekaa upande wa pili, huona jambo ambalo baba hakuliona. Kidole kiko chini ya neno la tatu, na kinywa kimekwisha kufika mwisho wa ukurasa. Mama akiifunika picha kwa kiganja na kumwonyesha mtoto neno moja tu la katikati ya mstari, mtoto hunyamaza.

Mtoto huyo si mjinga, wala mwalimu wake hastahili kuitwa mvivu. Amejifunza barabara kile alichofundishwa, yaani kuitikia pamoja na wenzake. Katika Mkoa wa Nile Magharibi, darasa la kwanza lenye watoto 100 na zaidi si jambo geni. Mwalimu akisoma ubaoni na watoto wakarudia kwa sauti moja, hapana awezaye kumjua anayesoma na anayefuata mkumbo. Hilo ndilo swali ambalo Wizara ya Elimu, mashirika ya misaada na maofisa wa wilaya wamehangaika nalo huko Arua na Koboko kwa muda wa zaidi ya miaka kumi: mpango wa kumfundisha mtoto kusoma upangwe vipi, na utajulikana kwa kipimo gani kwamba umefaa?

Nchi ya lugha nyingi

Barabara ya lami itokayo Vurra kwenye mpaka wa Kongo hupita Arua, ikaenda Koboko na kuishia Oraba, ambako ndiko lango la Sudan Kusini. Katika mwendo huo usiotimia kilomita 100 msafiri husikia Kilugbara, ambacho wenyewe hukiita Lugbarati, kisha Kikakwa, na sokoni husikia Kinubi, Kilingala na Kiswahili. Kilugbara na Kikakwa hazina udugu wa karibu. Kilugbara ni jamaa ya lugha za Kimadi, na Kikakwa ni jamaa ya Kibari cha Sudan Kusini. Mtu aliyezaliwa Koboko aweza kuzijua zote mbili, lakini kitabu cha moja hakimfundishi mtoto kusoma nyingine.

Mwaka 2007 Uganda ilianza kutumia mtaala mpya wa madarasa matatu ya kwanza, mtaala uliopangwa kwa mada za maisha ya mtoto: nyumbani kwetu, chakula, usafiri, na kadhalika. Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba mtoto afundishwe kusoma na kuandika kwa lugha ya mahali pake hadi darasa la tatu, darasa la nne liwe la kuvuka, na tangu la tano Kiingereza kishike usukani. Shule za mijini zenye watoto wa makabila mengi ziliruhusiwa kuendelea na Kiingereza, na lugha ya mahali iwe somo. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja akikaa mjini Arua na mwingine kwa bibi yake huko Terego, wanaweza kuanza kusoma kwa lugha mbili mbalimbali.

Wazazi wengi hawakuupokea mpango huo kwa furaha. Walisema, na bado wako wanaosema, kwamba mtihani wa kumaliza darasa la saba ni wa Kiingereza, basi kwa nini mtoto apotezewe miaka mitatu kwa lugha anayoijua tayari? Hoja hiyo yastahili kujibiwa kwa adabu, kwa sababu mzazi huiona karo ya sekondari ikimkodolea macho kutoka mbali. Jibu la walimu ni kwamba kusoma ni kuunganisha alama na sauti ya neno ambalo mtoto analifahamu. Akiisha kuigundua siri hiyo mara moja, haigundui tena mara ya pili: huichukua na kuipeleka katika lugha nyingine. Lakini mtoto anayeoneshwa alama asizozijua za maneno asiyoyajua, hana pa kushika. Jibu hilo ni zuri. Hata hivyo lina sharti moja ambalo wapangaji hulisahau, nalo ni kwamba mafunzo ya lugha ya mahali yawe yamefanyika kweli, kwa vitabu na kwa mwalimu aliyefunzwa. Yakifanyika nusunusu, mzazi ndiye mwenye haki.

Kazi ya kupanga

Mpango uliokuwa mkubwa kuliko yote katika jambo hili ulianza mwaka 2012 chini ya Wizara ya Elimu, kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, na ukaendeshwa na shirika la RTI. Ulihusu afya shuleni na mafunzo ya kusoma kwa pamoja. Zilichaguliwa lugha 12 za Uganda, na Lugbarati ikawa miongoni mwake. Vilitungwa vitabu vya wanafunzi na vitabu vya kuwaongoza walimu, walimu wakafunzwa, na wakufunzi wa vituo wakatakiwa kuwatembelea madarasani.

Msomaji asidhani kwamba kutunga kitabu cha darasa la kwanza ni kazi ya juma moja. Kwanza yapasa kukubaliana juu ya tahajia. Kilugbara kina sauti za b, d na y zinazotamkwa kwa kumeza pumzi, na huandikwa kwa alama ndogo mbele ya herufi: 'b, 'd, 'y. Kina pia gb, sauti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili, ambayo imo ndani ya jina lenyewe la lugha. Tena ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti. Neno ti likitamkwa namna moja ni mdomo, likitamkwa namna nyingine ni ng'ombe, na karatasi haikuambii ni lipi. Msomaji mzoefu hutambua kutokana na maneno ya jirani. Mtoto wa miaka sita hana uzoefu huo, kwa hiyo mtunzi lazima amchagulie sentensi zisizomtega.

Baada ya tahajia huja lahaja. Mtu wa Ayivu, wa Maracha, wa Terego na wa Vurra wanasikilizana, lakini neno moja moja hutofautiana. Kitabu kikiandikwa kwa lahaja moja, mtoto wa upande mwingine hukutana na neno ambalo kwao halisemwi, naye mwalimu huanza kutafsiri Kilugbara kwa Kilugbara. Kisha huja mpangilio wa herufi. Kuzifundisha kwa kufuata a, b, ch, d ni desturi ya zamani tu. Wapangaji wa siku hizi huanza na herufi zinazotokea mara nyingi katika lugha yenyewe, ili mtoto aweze kujenga maneno kamili mapema: mva, yaani mtoto; jo, yaani nyumba. Mtoto anayesoma neno kamili katika juma la pili hurudi nyumbani na habari ya kusimulia.

Kikakwa hakikuwamo katika zile lugha 12. Shule za Koboko, wilaya iliyokatwa kutoka Arua mwaka 2005, zilijikuta zikitakiwa na mtaala kufundisha kwa lugha ambayo vitabu vyake vilikuwa vichache mno. Hapo ndipo shirika la Kiuganda liitwalo LABE, lililoanza mwaka 1989 kwa kazi ya kisomo cha watu wazima, lilipopata nafasi yake. Katika Arua na Koboko liliunga mkono ufundishaji kwa lugha ya mama, na likaanzisha vituo vya kujisomea majumbani, ambako wazazi na watoto hukutana kwenye kiwanja cha mwenzao, wakaongozwa na mzazi aliyepewa mafunzo. Kwa nchi hii jambo hilo lilikuwa na maana ya pekee. Baada ya vita vya mwaka 1979 watu wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Sudan na Zaire, wakakaa huko miaka, na wengi waliokuwa watoto wakati ule walikosa shule. Leo ni babu na bibi. Hawawezi kumsikiliza mjukuu akisoma na kumsahihisha, lakini hadithi za kale wanazo, nazo ndizo zinazotakiwa kuandikwa.

Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, umekuwa ukikusanya hadithi fupi za watoto kwa lugha za Afrika na kuzitoa bila malipo, na miongoni mwake zimo za Lugbarati na Kikakwa. Mwalimu aweza kuichukua hadithi, akaitafsiri, akaichapa. Si dawa ya kila ugonjwa, maana karatasi na wino hugharimu fedha. Lakini kwa lugha isiyo na duka la vitabu, hadithi ishirini ni mali.

Kazi ya kupima

Sasa yaja sehemu ambayo wazazi huisikia kwa mbali tu. Kipimo kilichotumika sana katika mipango hii kilianza kutengenezwa mwaka 2006, nacho hupima usomaji wa madarasa ya chini. Hakifanani na mtihani wa darasani. Mpimaji huketi na mtoto mmoja peke yake, wakitazamana, saa ya kuhesabu sekunde ikiwa mkononi. Mtoto huoneshwa karatasi ya herufi 100 zilizochanganywa, akaambiwa ataje sauti zake kwa dakika moja. Akikosa kumi za kwanza zote, mpimaji husimamisha zoezi hilo kwa upole, ili mtoto asifedheheke. Kisha huja maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote. Wazazi hucheka wakisikia hilo, lakini lina hekima: neno lisilokuwapo duniani haliwezi kukaririwa. Baada ya hapo husoma kisa kifupi kwa dakika moja, akaulizwa maswali machache juu ya alichosoma. Mwisho mpimaji humsomea kisa kingine na kumwuliza, ili ijulikane kama mtoto anayeshindwa kusoma anaifahamu lugha yenyewe.

Mpango ukipangwa sawasawa, watoto hupimwa kabla haujaanza, kisha hupimwa tena mwisho wa mwaka na miaka inayofuata. Tena hupimwa katika shule zilizo ndani ya mpango na katika shule zisizokuwamo. Bila shule hizo za pili hapana linaloweza kuthibitishwa, maana mtoto huongezeka ujuzi kwa kukua tu, na mvua njema au njaa huweza kubadili mahudhurio ya wilaya nzima. Vipimo vya mwanzo nchini vilionyesha jambo la kusikitisha: watoto wengi mno wa madarasa ya chini hawakuweza kusoma hata neno moja la kisa walichopewa.

Hesabu zenyewe zina mitego. Mtego wa kwanza ni wa wastani. Chukua watoto kumi: wawili wanasoma maneno 40 kwa dakika na wanane hawasomi hata moja. Wastani wao ni maneno 8, na ripoti itaandikwa hivyo, ingawa katika watoto wale hayuko hata mmoja asomaye maneno 8. Ofisa mwenye busara huuliza kwanza idadi ya waliopata sifuri. Mtego wa pili ni wa kulinganisha lugha. Kiswahili husema hatukumwona kwa neno moja, na Luganda vivyo hivyo husema tetwamulaba. Kilugbara ni lugha ya maneno mafupi, na habari kama hiyo hugawanywa katika maneno kadhaa. Mtoto wa Arua akihesabiwa maneno mengi kwa dakika kuliko mtoto wa Masaka, hapana ushindi wala aibu hapo. Mtego wa tatu ni wa mipaka. Arua iliyopimwa miaka kumi iliyopita ilikuwa na maeneo ambayo leo ni wilaya za Madi-Okollo na Terego, na tangu Julai 2020 kuna Jiji la Arua lenye utawala wake. Anayelinganisha takwimu za Arua ya zamani na za sasa bila kuangalia ramani, analinganisha nchi mbili.

Uko upimaji wa namna nyingine, ambao jina lake kila msomaji wa ukurasa huu analielewa: Uwezo. Ulianza Afrika Mashariki mwaka 2009, na upimaji wa kwanza ukafanyika mwaka 2010, kwa kuiga mfano wa shirika la Pratham la India. Wenyeji waliojitolea huingia kaya 20 katika kila kijiji kilichochaguliwa na kumpa kila mtoto ngazi moja ya kupanda: herufi, maneno, aya, hadithi. Kwa kuwa hufanyika nyumbani, humpata pia mtoto aliyeacha shule na yule anayechunga mbuzi siku ya mtihani. Huo ni ubora ambao vipimo vya shuleni havina.

Somo kutoka Lango

Mfano unaofaa kuzingatiwa na kila mpangaji ulitokea jirani, katika nchi ya Walango. Mwaka 2013 shirika la Mango Tree na wachunguzi wa vyuo vikuu vya Marekani walizigawa shule 38 kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilipata mpango kamili: walimu walifunzwa na wataalamu wa shirika lenyewe, wakatembelewa mara nyingi, na wakapewa vibao vya kuandikia na saa za ukutani. Fungu la pili lilipata mpango wa bei nafuu: mafunzo yalipitia kwa wakufunzi wa serikali, ziara zikapunguzwa, vibao na saa zikaondolewa. Fungu la tatu liliendelea kama kawaida.

Watoto wa mpango kamili walipanda sana katika kusoma. Wale wa mpango nafuu walipanda katika kuzitambua herufi, na mtu angeishia hapo angesema: fedha imeokolewa, tufuate njia hii. Lakini wachunguzi walipima na kuandika pia. Katika kuandika, watoto wa mpango nafuu walishuka chini hata ya wale ambao hawakupata kitu chochote. Inawezekana kwamba mwalimu alitia nguvu zake zote katika herufi, na uandishi ukasahauliwa kwa kukosa vibao. Laiti wangepima jambo moja tu, nchi nzima ingeuziwa mpango wenye shimo ndani yake.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko wakati ule. Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, na mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa kufungwa alirudi akiwa mkubwa kwa umri na kwa darasa, bila kuipata miaka ile ya herufi na silabi. Tena mwaka 2025 shirika la USAID lilifungwa na serikali ya Marekani. Vitabu vilivyochapwa kwa fedha zake vitachakaa, na walimu waliofunzwa watahamishwa na kustaafu. Kinachoweza kubaki ni utaratibu: mkaguzi anayekaa na watoto watano katika kila shule na kuwasikiliza mmoja mmoja, badala ya kutia sahihi daftari la wageni na kuondoka. Kazi hiyo haihitaji dola.

Kwa familia za askari

Askari wa jeshi na polisi wana taabu yao ya pekee, ambayo mitaala huigusa kwa nadra. Uhamisho hauulizi mtoto yuko darasa gani. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Runyankore huko Mbarara aweza kufika Arua katikati ya mwaka na kukuta ubao umeandikwa Lugbarati, huku nyumbani kambini akizungumza Kiswahili. Akikaa kimya darasani huandikwa kuwa mzito wa akili. Kumbe kusoma anajua, ila hajui lugha. Hali ya watoto wa wakimbizi ni hiyo hiyo. Katika makazi ya Lobule wilayani Koboko wamo Wakongo, na katika Rhino Camp na Imvepi wamo watu wa Sudan Kusini wenye lugha nyingi, nao walimu hujikuta na lugha tano katika chumba kimoja.

Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973, kikawekwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini uamuzi wa baraza haukuwa na walimu ndani yake, na mzazi wa kambini asingoje. Kama mtoto huzungumza Kiswahili nyumbani, asomewe Kiswahili nyumbani. Silabi zake ni nyepesi, na kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa.

Mama anayehamia Arua au Koboko akienda kumwandikisha mtoto, achukue barua ya uhamisho pamoja na daftari na kitabu cha mwisho alichokuwa akisoma, na amwombe mwalimu mkuu amsikilize mtoto akisoma lugha aliyotoka nayo kabla ya kumpangia darasa. Hata kama mwalimu haifahamu lugha ile, ataona kama jicho na kidole vinakwenda pamoja na kinywa.

Kipimo cha nyumbani hakihitaji mtaalamu. Mzazi achague ukurasa ambao mtoto hajausoma bado. Afunike picha. Amwonyeshe maneno matatu mahali mbalimbali, na mojawapo liwe la katikati ya mstari. Kisha mtoto asome kwa dakika moja, saa ya simu ikihesabu, na mzazi ahesabu maneno aliyoyapata sawa bila kumkatiza wala kumkemea. Mwisho amwulize: nani katika kisa hiki, na amefanya nini? Mzazi asiyejua kusoma naye aweza kuuliza swali hilo, na mtoto mkubwa wa jirani akahesabu maneno. Idadi iandikwe kwa penseli nyuma ya daftari pamoja na tarehe, wala mtoto asionyeshwe kuwa ni mashindano na ndugu zake. Mwisho wa mwezi ukurasa mwingine ufunguliwe, na idadi mpya iandikwe chini ya ile ya kwanza. Zikifika tatu mfululizo hazijapanda, mzazi alichukue daftari lile na kwenda kumwona mwalimu siku ya kazi, baada ya masomo, watoto wakiwa wamekwisha kutoka.